Valvu za amplifaya kuukuu: usiziuze kwa kilo, wala usizinunue kwa macho
Na Mwandishi Wetu, Geita

MFANYABIASHARA wa vyuma chakavu anapoweka amplifaya ya zamani kwenye mizani, analipia chuma cha transfoma, waya wa shaba na bati la sanduku. Zile taa za kioo zilizochomekwa juu yake, ambazo mafundi wetu huziita valvu, hazina uzito wa maana, na mzigo ukirushwa garini ndizo za kwanza kuvunjika. Hasara hiyo haiandikwi kwenye daftari la mtu yeyote, lakini ipo. Valvu moja iliyo nzima, ikiwa ni ya aina inayotafutwa, huweza kuuzwa Ulaya au Marekani kwa bei ambayo amplifaya nzima haiwezi kuifikia kwa kilo.

Upande wa pili wapo wanaofanya kosa la kinyume. Wamesikia kwamba valvu ni mali, basi hununua kila chenye kioo, na mtaji wao hukwama kabatini. Valvu haifanani na dhahabu, ambayo haichakai kwa kutumika. Inafanana zaidi na tairi: ina maisha yanayohesabika, na kila inapofanya kazi yanapungua. Bei yake halali ni bei ya saa zilizobaki ndani yake, pamoja na jina lake. Mnunuzi asiyeweza kukisia saa hizo anacheza kamari.

ZILIKOTOKA
Kwa nini vitu hivi vipatikane Shinyanga na Geita? Mgodi wa dhahabu wa Geita wa wakati wa ukoloni ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Transista, ambayo ndiyo iliyoifukuza valvu sokoni, ilibuniwa Marekani mwishoni mwa 1947, na redio ya kwanza ya transista ilianza kuuzwa madukani huko mwaka 1954. Kwa hiyo katika sehemu kubwa ya miaka ile ya migodi, chochote chenye sauti kilitumia valvu: redio, gramafoni ya umeme, vipaza sauti vya mikutano, mashine za sinema na mitambo ya mawasiliano.

Ongeza hapo fedha za pamba. Vyama vya ushirika vya kanda hii viliungana mwaka 1955 chini ya shirikisho la Victoria lenye makao yake Mwanza, na mkulima aliyelipwa vizuri alinunua baiskeli, bati na redio. Sauti ya Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuanza kutangaza mwaka 1951, kwa hiyo cha kusikiliza kilikuwepo. Anayetafuta mzigo leo na aanzie kwenye stoo za misheni na shule kongwe, na kwenye nyumba za familia za waliokuwa wafanyakazi wa migodi. Atakachokikuta zaidi ni redio. Amplifaya ni chache, na ndizo zenye valvu za bei.

ILE SI ZEBAKI
Ndani ya kioo cha valvu, mara nyingi juu kichwani, kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Mtu wa kanda hii, aliyezoea kuona zebaki ikikamata dhahabu kwenye karai, huona doa hilo na kufikiri la kwake. Si zebaki. Ni utando wa bariamu, uliowekwa kiwandani ili kunyonya hewa yoyote inayobaki au kuvuja ndani.

Tunalisema hili mapema kwa sababu uvumi wa "zebaki nyekundu" iliyofichwa katika vitu vya kale umewala watu wengi. Mwaka 2009 nchini Saudi Arabia watu walinunua cherehani kuukuu za Singer kwa maelfu ya riyali wakiamini zina kitu hicho, hadi polisi wakaingilia. Redio na televisheni za zamani nazo zimeingizwa katika hadithi hiyo hiyo katika nchi nyingi. Hakuna zebaki ya namna hiyo. Zipo valvu chache za mitambo mikubwa, hasa za kugeuza umeme, zenye tone la zebaki ya kawaida ndani. Hizo zikivunjika ni sumu, na hazifungwi katika amplifaya ya muziki ya kawaida.

Kwa mfanyabiashara, utando ule una kazi nyingine: ni kipimo cha bure. Ukiwa wa fedha au wenye weusi unaong'aa, ombwe la ndani lipo. Ukiwa mweupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa. Usitoe hata shilingi. Ukiwa umefifia kingoni na kugeuka kahawia, huenda valvu imefanya kazi muda mrefu, ingawa dalili hii haitoshi peke yake kwa sababu viwanda havikuweka utando wa ukubwa mmoja.

Na kwa wale watakaoona pini za rangi ya dhahabu: ni dhahabu kweli, iliyopakwa kwa unene wa sehemu ndogo sana ya milimita. Kuna valvu ambazo hata nyaya za gridi zake za ndani zilipakwa dhahabu ili zisitoe umeme zikipata moto. Anayezivunja ili achenjue atapoteza kemikali na muda wake. Valvu kama E88CC yenye pini hizo, ikiwa nzima, ina thamani kuliko dhahabu yake kwa mbali sana.

VALVU INAVYOKUFA
Katikati ya valvu kuna kibomba chembamba cha nikeli kilichopakwa chokaa maalumu ya oksidi za bariamu na strontiamu. Hicho ndicho kathodi. Ndani yake kuna uzi unaopashwa moto na umeme mdogo, kwa kawaida volti 6.3, hadi kathodi inawaka wekundu hafifu. Ikipata moto hutoa chembe za umeme, ambazo huruka katika ombwe kwenda kwenye bamba la anodi lenye volti 300, 400 au zaidi. Gridi iliyo katikati huzibana au kuziachia kufuata sauti inayoingia. Hiyo ndiyo amplifaya.

Kifo cha kawaida ni cha uzee. Ile chokaa huchoka kidogo kidogo, kathodi hutoa umeme pungufu, na sauti hupoteza nguvu kabla haijapotea kabisa. Valvu ndogo za mbele, kama ECC83, hufanya kazi nyepesi na mara nyingi hufika saa 10,000. Valvu za nguvu zinazosukuma spika, kama EL34, EL84 au 6L6, huchoka mapema: saa 1,500 hadi 5,000, kutegemea zinavyoendeshwa. Kiwango cha chini tulichotaja ndicho cha amplifaya za gitaa zinazopigwa kwa nguvu zote.

Vifo vingine ni vya ajali. Uzi wa moto hukatika, kama balbu. Kioo hupata ufa kwenye pini kwa sababu ya fundi mwenye haraka. Viungo vya ndani hulegea kwa mtikisiko, na hapo ukiigonga valvu kwa kidole spika inalia kama kengele. Fundi anaweza kuitumia kwingine, lakini katika hatua ya kwanza ya amplifaya haifai tena.

Ajali inayoua valvu nyingi za nguvu, hata hivyo, haitoki ndani ya valvu yenyewe. Kati ya valvu ya mbele na ya nguvu kuna kapasita ndogo inayopitisha sauti na kuzuia umeme mkubwa. Kapasita za karatasi za miaka ya 1950 na 1960 huvuja zikizeeka. Ikivuja, gridi ya valvu ya nguvu hupoteza kizuizi chake, umeme hupita bila breki, na bamba la anodi huanza kuwaka jekundu kama jembe kwenye moto wa mhunzi. Valvu nzuri huweza kuharibika kwa dakika chache hivi, na transfoma ya spika ikaifuata. Kapasita yenyewe ni kitu cha bei ndogo. Hapa ndipo wanunuzi wengi wa amplifaya kuukuu wanapopoteza fedha: wanachomeka ukutani siku hiyo hiyo ili wasikie kama inalia.

Fundi mwangalifu hafanyi hivyo. Hubadilisha kwanza kapasita hizo na zile kubwa za umeme, kisha huwasha kupitia balbu ya wati 60 au 100 ya aina ya zamani yenye uzi, iliyofungwa mfululizo na amplifaya. Kukiwa na hitilafu balbu huwaka sana na vifaa hupona. Na aachie kazi hii fundi mwenyewe: volti 400 hubaki ndani ya kapasita hata baada ya plagi kuchomolewa, na zinaua.

HADITHI YA KUIVA
Wauzaji wa nje hupenda kuwaambia wateja kwamba valvu mpya lazima "iive" kwa saa 100 au 200 kabla sauti yake haijafunguka. Mfanyabiashara aelewe neno hili lina mambo matatu ndani yake, na moja tu ndilo la kulipia.

Kuiva kwa kweli hufanyika kiwandani. Baada ya hewa kutolewa, valvu hupashwa moto kuliko kawaida na kupitishwa umeme kwa saa kadhaa ili kathodi iamke na itulie. Valvu isiyopitia hatua hiyo haijakamilika kutengenezwa, na kiwanda kinachofupisha hatua hiyo huokoa umeme kwa gharama ya mnunuzi.

La pili ni kuchuja. Valvu, kama vifaa vingi, hufa zaidi mwanzoni na mwishoni mwa maisha. Katikati kuna kipindi kirefu cha utulivu. Zenye kasoro za kiwandani hujitokeza katika saa za mwanzo. Kwa hiyo muuzaji anayewasha valvu zake saa 24 hadi 48 na kuzipima tena anamuuzia mteja mali iliyochujwa, na ana haki ya kudai bei ya juu kidogo. Hata fundi atakuambia kwamba umeme wa valvu za nguvu huhamahama siku ya kwanza, ndiyo maana hurekebisha gridi mara ya pili baada ya siku moja au mbili. Valvu iliyolala kabatini miaka 50 nayo inufaike na moto wa hita peke yake kwa saa chache kabla ya kupewa volti kubwa, maana utando na kathodi husaidia kumeza gesi iliyojitokeza. Lakini isiachwe hivyo kwa majuma: kathodi iliyo moto bila kutoa umeme nayo hudhoofika.

La tatu ni madai kwamba sauti huendelea kuwa tamu baada ya saa 200. Hilo ni la masikio. Mwandishi wa ukurasa huu haoni sababu ya kulilipia.

UMEME WETU
Hapa ndipo hesabu ya Geita inapoachana na ya London. Amplifaya nyingi za zamani zina swichi nyuma ya kuchagua volti. Iliyowekwa 220 ikipewa 240, hita iliyotakiwa kupata volti 6.3 inapata karibu 6.9, yaani asilimia 9 zaidi. Watengenezaji wengi waliweka mpaka wa asilimia 10 juu au chini, kwa hiyo hapo bado upo ndani, lakini kwa shida. Jenereta isiyotulia ikipanda hadi 260, hita inapata karibu 7.4 na maisha ya kathodi yanayeyuka. Ikishuka hadi 190, hita inapata 5.4, kathodi haipati moto wa kutosha, huku anodi ikiendelea kuidai umeme, na hilo nalo huiumiza.

Kuzima na kuwasha ni adui mwingine. Uzi baridi hupokea umeme mwingi kwa ghafla kuliko uzi moto. Tommy Flowers, mhandisi wa Posta ya Uingereza aliyejenga mashine ya Colossus iliyoanza kazi mwaka 1944, alitumia valvu zipatazo 1,600 wakati wenzake wakisema zitakufa kila saa. Alijua kutokana na kazi ya simu kwamba valvu ikiwashwa na kuachwa hudumu. Kebo ya kwanza ya simu ya kuvuka Atlantiki, iliyofunguliwa mwaka 1956, ilikuwa na valvu 306 katika vikuza sauti vilivyolala chini ya bahari kati ya Uskoti na Newfoundland. Kebo ilistaafishwa mwaka 1978 bila hata moja kati ya hizo kufa. Zilitengenezwa kwa uangalifu wa pekee, ziliendeshwa taratibu, na hazikuzimwa ovyo.

Baa yenye umeme wa kukatika mara nne usiku haiwezi kuiga hayo, lakini inaweza kupunguza madhara. Swichi ya volti iwekwe 240 kama ipo. Stabilaiza ifungwe mbele ya amplifaya. Jenereta iwashwe kwanza, itulie, ndipo amplifaya iwashwe. Na izimwe kabla mafuta hayajaisha, siyo baada ya jenereta kuanza kukohoa.

HESABU YA SAA
Tuchukue amplifaya yenye EL34 nne, kila moja imenunuliwa kwa dola 25, na tuseme zitadumu saa 2,000. Mtaji wa dola 100 ukigawanywa kwa saa hizo ni senti 5 za dola kwa saa. Baa inayopiga muziki saa 6 kila siku, siku 26 kwa mwezi, inatumia saa 156. Valvu zitakwisha baada ya takriban miezi 13, na mwenye baa anatakiwa kutenga karibu dola 8 kila mwezi. Asipotenga, atashtuka mwaka wa pili na kusema amplifaya ni mbovu.

Kanisa linalotumia amplifaya hiyo hiyo saa 4 kila Jumapili linatumia saa 208 kwa mwaka. Kwa kanisa, valvu zile zile zitafika karibu miaka 10. Kifaa kimoja, bei moja, na bado ni biashara mbili tofauti kabisa. Kwa baa tunasema wazi: nunueni amplifaya ya transista. Valvu ziuzeni kwa wanaozitaka.

KUSOMA JINA
Majina ya Ulaya yana mpangilio. Herufi ya kwanza ni umeme wa hita: E ni volti 6.3, G ni volti 5, D ni ya redio za betri, P na U ni za televisheni na redio zisizo na transfoma. Herufi zinazofuata ni kazi yake: C ni ya kukuza sauti ndogo, na mbili zikifuatana maana yake ziko mbili ndani ya kioo kimoja, L ni ya nguvu, Z ni ya kugeuza umeme. Kwa hiyo ECC83, EL34, EL84 na GZ34 ni za kuweka pembeni. Wamarekani huziita 12AX7, 6CA7, 6BQ5 na 5AR4. Majina mengi yanayoanza na P, na yale ya betri ya D, yana wanunuzi wachache na bei ya dola chache tu.

Jina la kampuni lililopakwa kwa rangi lisikudanganye. Mullard ilikuwa mali ya Philips, na viwanda vya kundi hilo viliuziana valvu na kupaka jina lolote. Kiwanda halisi husomwa kwenye herufi ndogo za kijivu chini ya kioo. B ni Blackburn, Uingereza; pembetatu ni Heerlen, Uholanzi. B4K2 maana yake Blackburn, mwaka unaoishia na 4, mwezi wa 11, wiki ya pili. Telefunken ya Ujerumani ilichapa alama ya almasi ndani ya kioo chenyewe, chini katikati ya pini, na hiyo ni ngumu kughushi kuliko rangi. Watu wa Shinyanga hatutarajii waikose.

Mwandishi huyu alijifunza somo hili kwa fedha yake. Alinunua EL84 nne katika maboksi mazuri ya Mullard, akaziona zinang'aa, akalipa. Mbili zilikufa ndani ya wiki. Alipotazama chini ya kioo hakukuta herufi yoyote ya kijivu. Maboksi yalikuwa ya Mullard kweli, ila wapangaji walikuwa wengine.

SOKO LA NJE
Valvu mpya za amplifaya bado zinatengenezwa, hasa Urusi katika mji wa Saratov, Slovakia na China. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, Urusi ilizuia kwa muda bidhaa nyingi kutoka nje ya nchi, valvu zikiwemo. Usafirishaji uliruhusiwa tena baadaye, lakini Marekani ikaongeza ushuru wa bidhaa za Urusi hadi asilimia 35 na bei zikapanda. Majina ya kale kama Mullard na Tung-Sol yalikwisha kununuliwa, na leo hupakwa kwenye valvu za Saratov. Ni valvu halali, ila mtu asikuuzie kwa bei ya Blackburn.

ECC83 mpya ya kiwanda cha leo huuzwa nje kwa takriban dola 15 hadi 30. Ya zamani ya Telefunken, iliyopimwa na kukutwa na nguvu, hupita dola 100. KT88 ya zamani ya G.E.C. ya Uingereza hufika mamia ya dola. Neno lenye uzito hapo ni "iliyopimwa". Mnunuzi wa nje atataka namba kutoka mashine ya kupimia valvu, kama zile za AVO za Uingereza: ECC83 nzuri hutoa miliampia 1.2 kwa volti 250, na ikishuka chini ya theluthi mbili ya hapo inahesabiwa imechoka. Asiye na mashine auze kama "haijapimwa" na akubali bei ya chini, ambayo hata hivyo itazidi ya mizani ya chuma.

Mzigo wa Geita sasa hufika Mwanza kwa Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa mwaka 2025, bila kusubiri kivuko. Kila valvu iviringishwe peke yake kwa sponji, pini ziwe zimenyooka, na boksi liwekwe ndani ya boksi lingine. Wauzaji wa nje kwa kawaida hutoa dhamana ya miezi 3 hivi, na mnunuzi atadai hivyo hivyo kwako. Weka akiba ya valvu moja kwa kila 10 unazouza, na usitumie fedha za mauzo mpaka muda wa kurudisha uishe.